Cheti Nilichokifuta Mbele ya Baraza

Nianze kwa kujitambulisha inavyostahili, maana wengi wenu mnaokuja kunisalimia hapa Mpanda mnamwona mzee mwenye michungwa uani na hamjui mnaongea na nani. Mimi ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kupata stashahada. Nilizaliwa Usevya, nikaondoka kijana na sufuria moja na shuka moja, nikabeba magunia stesheni ya Tabora huku nikisoma kwa njia ya posta, na chuo nikajilipia mwenyewe. Niliporudi, miaka ya tisini, nilishuka kwenye garimoshi nimevaa tai, stashahada nimeishika mkononi ndani ya bahasha ngumu isije ikakunjika. Mama yangu alitaka kuiona. Hakujua kusoma. Akaigeuzageuza, akasema, "Ni safi." Nimesifiwa na wakubwa wengi baada ya hapo, lakini hakuna aliyenisifu vizuri hivyo.

Siku hizo Katavi lilikuwa jina la mbuga tu, na Mpanda ilikuwa wilaya ya mkoa wa Rukwa. Niliajiriwa kuwa Bwana Maendeleo, nikapewa mradi ambao wenzangu wote wilayani waliukwepa: kukutana na wanaume wanaopiga wake zao na kuwasaidia waache. Karani wa masijala aliniuliza, "Sasa wewe ukishawaachisha, watafanya nini jioni?" Ofisi nzima ikacheka. Mimi nilicheka nao, kisha nikaenda kuifanya kazi, na niliifanya vizuri kuliko mtu yeyote aliyenitangulia. Ni kweli kwamba hakuna aliyenitangulia. Lakini hata angekuwepo.

Wiki iliyopita vijana wawili wa ustawi wa jamii walikuja hapa wakaniomba mtaala wangu. Ninao, uko kabatini, masomo manane, nimeupiga mwenyewe kwa taipureta. Niliwaambia wasihangaike nao. Wakae niwaeleze nilivyokosea, kwa kuwa hayo sikuyapiga taipu.

Kosa la kwanza lilikuwa pikipiki. Mradi ulinipa pikipiki mpya nyekundu, na katika vijiji vya njia ya Usevya ilisikika kabla haijaonekana. Mwanamke akileta malalamiko, mimi nawasha pikipiki, naenda mpaka mlangoni kwake, naegesha hapo hapo, naita, "Hodi wenyewe." Nilijiona mchapakazi. Kumbe kijiji kizima kimeshajua nani kasema nini, na mume naye kajua. Nikiondoka tu, mwanamke anaulizwa kwa nini ametoa siri za nyumba nje. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba pikipiki yangu ilikuwa inasababisha wanawake wapigwe.

Aliyeniambia alikuwa Mama Shija, mwanamke wa Kisukuma aliyekuwa na mashine ya kusaga katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Mtu mfupi, mnene, kope nyeupe kwa unga, sauti kubwa kwa sababu ya miaka mingi ya kushindana na injini. Siku hiyo alisimama katikati ya barabara, ikabidi nifunge breki.

"Bwana Maendeleo, unaenda wapi na hilo filimbi lako?"

"Naenda kwa mama mmoja, ana shida."

"Shida anayo. Sasa unampelekea ya pili. Egesha hapa kwangu."

"Hapa mashineni?"

"Mtu akiona pikipiki yako hapa atasema umeleta mahindi. Si unakula ugali? Au wenye diploma hawali?"

Nikaegesha. Na hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho chuo hakikunifundisha. Ndani ya kibanda cha mashine wanawake walikuwa wanasubiri zamu, na injini ikiwa inanguruma, mtu aliye nje hasikii hata neno. Mama Shija alikuwa akimimina mahindi, anainama sikioni kwa mwenye debe, anauliza, anajibiwa, anamimina tena. Kijiji kizima kilikuwa kinaongea mle ndani kwa miaka, na mwanaume hajasikia lolote. Injini ikizimwa, wote kimya, mtu akiuliza walikuwa wanaongea nini wanasema mahindi ya mwaka huu yana fukusi.

Kwa hiyo nyie mnaoanza, kabla hamjafungua ofisi, tafuteni mahali ambapo wanawake wa kijiji chenu wanaongea bila kusikika. Mkishapajua, msiingie. Mimi sikuingia hata siku moja. Nilikaa nje kwenye gogo, Mama Shija akanitolea habari kwa kipimo chake.

Kwa wanaume nako nilikosea kwa namna yangu. Niliwaketisha kwenye madawati ya darasa, mimi mbele na bango la karatasi na kalamu ya rangi tatu. Nikafundisha chanzo cha ukatili, aina za ukatili, athari za ukatili. Wakaitikia kila kitu. Ukiuliza, "Tumeelewana?" wanajibu, "Sana, mwalimu." Nyuma mtu anakoroma. Siku ya tatu mwanaume mmoja akanyoosha mkono, nikafurahi, nikadhani swali limepatikana. Akauliza, "Mwalimu, wewe umeoa?" Nilikuwa sijaoa. Somo liliishia hapo.

Wa maana katika kundi lile alikuwa Mzee Masunga, mfugaji aliyehamia na ng'ombe kutoka kaskazini. Yeye alisema hawezi kupoteza mchana mzima kwa ajili ya maneno, akaja na katani yake. Akakaa pembeni anasokota kamba za ng'ombe wa kulimia. Nilitaka kumkataza. Bahati nzuri sikumkataza, maana kamba ndefu haisokotwi na mtu mmoja, na jirani yake akashika ncha ya pili. Wale wawili wakaanza kuongea. Siyo kunijibu mimi, kuongea wao kwa wao, macho kwenye kamba. Mzee Masunga akasema, kama mtu anayesimulia habari za mvua:

"Mimi mke wangu mkubwa nilimpiga kofi sikio la kushoto. Ndoa ilikuwa changa. Mpaka leo ukimwita upande ule hasikii."

"Ulimwomba radhi?" jirani akauliza.

"Upande gani? Nikiwa upande wa kulia nasahau. Nikiwa wa kushoto ndiyo nakumbuka, na hapo hasikii. Shika vizuri, unalegeza."

Darasa zima lilinyamaza. Bango langu la rangi tatu halijawahi kulinyamazisha hivyo. Wiki iliyofuata niliondoa madawati, nikaleta katani, na kuanzia hapo mikutano yangu yote ikawa ya kusokota kamba. Mwanaume ukimkazia macho, anajitetea. Mpe kitu cha kushika na mwenzake upande wa pili, atasema mwenyewe bila kuulizwa. Baadaye walikuja wageni kutoka mikoa mingine kuangalia, wakaandikaandika. Niliwaambia hiyo ni mbinu yangu. Leo nasema ukweli, ilikuwa ya Mzee Masunga. Yangu ilikuwa kutokumkataza.

Sasa nifike kwenye cheti.

Mtu aliyejisomea kama mimi anaamini karatasi. Karatasi ndiyo iliyonitoa kwenye magunia. Basi nikafikiri, hawa wanaume wanaohudhuria wakipewa cheti watajisikia watu, na watu wakijisikia watu watatulia. Nikachora mpaka wa maua, nikapiga taipu: "Mume huyu amehitimu mafunzo ya amani ya nyumba." Chini sahihi yangu, juu yake mhuri. Masharti yalikuwa rahisi: kuhudhuria mikutano yote minane.

Wa kwanza kuhitimu alikuwa Gaudensi, fundi baiskeli, kijana mzuri wa sura, mcheshi, asiyekosa. Alikuwa anawahi kuliko mimi. Maswali yangu aliyajibu kwa maneno yangu mwenyewe. Nilipokuwa nampa cheti, nilimshika mkono wananchi wakapiga makofi, na mke wake, Leokadia, fundi cherehani, alikuwa amesimama nyuma kabisa na mtoto mgongoni. Sikumwuliza kitu. Niliona anapiga makofi kama wengine, nikaona inatosha.

Miezi miwili ikapita. Siku moja ujumbe ukanifikia wilayani kupitia dereva wa lori la mpunga: Mama Shija anasema njoo uone cheti chako kinafanya kazi gani.

Nilipofika, injini ilikuwa inanguruma. Alitoka kibandani anajifuta mikono kwenye kanga.

"Leokadia yuko ndani. Mkono wa kushoto hauinuki. Amekuja na debe la jirani, anataka aonekane anasaga."

"Aende barazani. Baraza la kata si lipo?"

"Kaenda. Unajua kilichotokea? Mumewe alikuja na cheti chako ndani ya mfuko wa nailoni. Katibu akakisoma kwa sauti mpaka kwenye mhuri. Akamwambia, mama, mumeo amehitimu. Rudi nyumbani ukamwombe radhi kwa kumzushia."

Nilikaa kwenye gogo. Nilitaka kusema kwamba hawakukielewa cheti, kwamba nitaandika barua kufafanua. Mama Shija alinisubiri nimalize kutafuta maneno.

"Ulimpimaje?" akauliza.

"Mahudhurio."

"Kuhudhuria kwako. Na kwake nani aliyehudhuria?"

Niligeuka nikatazama mlango wa kibanda.

"Mimi nina swali moja tu nawauliza wote humu ndani," akasema. "Siulizi kama wanapigwa. Ukiuliza hivyo wanasema hapana. Nauliza, ukisikia mumeo anaingia uani, unafanya nini? Huyu Leokadia, siku ile unampa mumewe cheti, nilikuwa nimeshamwuliza. Aliniambia akisikia kengele ya baiskeli anazima redio, anaingiza watoto chumbani, anaficha mkasi wa kushonea, anasimama karibu na mlango wa nyuma. Redio, watoto, mkasi, mlango. Kila jioni. Ungeniuliza ningekuambia. Ila wewe ulikuwa unachora maua."

Vijana, andikeni swali hilo. Lina thamani kuliko mtaala wangu wote.

Shauri la Leokadia lingeweza kusikilizwa tena Alhamisi inayofuata, na kama asingesikilizwa hapo, angebaki kwenye ile nyumba kwa amri ya baraza na kwa mhuri wangu. Alichotaka hakikuwa kikubwa. Alitaka kwenda kwa kaka yake kule Mwese milimani, na watoto wake wawili, na cherehani yake ambayo Gaudensi alikuwa ameifungia stoo. Bila kibali cha baraza, kaka mtu asingempokea. Angeonekana anamtorosha mke wa mtu.

Kwanza nilikwenda kwa Gaudensi kumwomba anirudishie cheti. Alikuwa amekipigilia ukutani kwenye kibanda chake, juu ya pampu na mipira ya baiskeli.

"Nimekifanyia kazi, mwalimu," akasema, anatabasamu. "Wiki nane. Nani mwingine amefika zote?"

"Hakuna."

"Basi ni changu."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi nilivaa tai. Asubuhi ile kijiji kilikuwa kimya kwa namna ambayo watu walitoka nje kuangalia kulikoni. Injini ya Mama Shija haikunguruma. Wanawake walikwenda na madebe yao mashineni, wakakuta mlango una kufuli, wakaendelea na madebe yao vichwani mpaka barazani, wakakaa. Mwenyekiti wa baraza, mzee mwenye tumbo na haraka ya kwenda kula, akauliza, "Mashine imeharibika?"

"Haijaharibika," akajibu Mama Shija kutoka kwenye umati. "Mwendeshaji ana shauri la kusikiliza. Likiisha mapema, ugali utaiva mapema."

Watu wakacheka, hata wajumbe. Mwenyekiti hakucheka.

Gaudensi akatoa mfuko wa nailoni. Mwenyekiti akakiinua cheti kila mtu akione, akanigeukia. "Bwana Maendeleo, mhuri huu ni wako au si wako?"

"Ni wangu."

"Na sahihi?"

"Yangu."

"Sasa umekuja kutuambia serikali imedanganya?"

"Serikali haijadanganya, mzee. Nimekosea mimi. Cheti hiki kinasema huyu bwana alikaa darasani. Hakisemi alivyo nyumbani. Nyumbani sikuuliza. Aliyepaswa kuulizwa ni huyu mama, na mimi nilimpita nikaenda kumshika mkono mumewe."

Mkisikia mtu anawaambia kusema hivyo mbele ya watu ni rahisi, huyo hajawahi kuwa na kitu cha kujivunia. Masikio yaliniwaka. Kulikuwa na watu pale walionijua tangu natembea peku.

Gaudensi akasimama. "Naomba kuuliza, mwenyekiti. Huyu mwalimu naye amekosea, amekiri. Je, diploma yake watamnyang'anya?"

Kicheko kikubwa. Hata mimi nusura nicheke, swali lilikuwa zuri. Nilimwambia, "Hawataninyang'anya. Lakini ukisikia nimeitumia kumfunga mtu mdomo, nenda wilayani ukadai waninyang'anye. Nitakuandikia barua mwenyewe." Nikamwomba mwenyekiti kalamu. Nikapiga mstari kutoka kona ya juu mpaka kona ya chini, juu ya maua yangu na juu ya mhuri, nikaandika "Kimefutwa" na kutia sahihi.

Mwenyekiti akakisoma, akamrudishia Gaudensi. Kisha, kwa mara ya kwanza, akamgeukia Leokadia. "Haya mama. Sema."

Hakusema mengi. Alitaja siku, alionyesha mkono, akasema, "Mimi sitaki afungwe na sitaki karatasi. Nataka kwenda Mwese kwa kaka, na watoto, na cherehani. Nikitaka kurudi nitasema mwenyewe." Nikamweleza kwamba polisi pia iko wazi kwake, leo au siku yoyote, na nitampeleka mimi. Akasema amesikia. Wajumbe walinong'onezana huku wakitupia macho yale madebe ya mahindi ambayo hayajasagwa. Kibali kikatoka kabla ya saa sita. Cherehani ilipanda kwenye baiskeli ya jirani, watoto wakatangulia, na injini ya Mama Shija ikawashwa nyuma yao.

Sikuchapa cheti kingine maishani mwangu.

Msifikiri wote walibadilika. Wapo walioacha kuja walipoona hakuna cheti, na mmoja nilimpeleka polisi mwenyewe, akafungwa, na sijutii. Gaudensi alipotea kwenye mikutano kwa muda. Kibanda chake kilikuwa kimya, utani umeisha. Kisha siku moja alikuja, hakukaa mbele, akamkuta Mzee Masunga hana mtu wa kushika ncha ya pili. Akashika. Mwezi wa kwanza hakusema kitu. Mwezi wa pili Mzee Masunga alimsimulia lile sikio la kushoto, na Gaudensi akamwuliza, "Mzee, ulijuaje kwamba umeacha kweli?"

"Sijui," akasema Masunga. "Mwulize yeye. Ila ukimwuliza, simama upande anaosikia."

Gaudensi alikwenda Mwese kwa miguu, mara nne, kwenye ile milima. Mara tatu Leokadia hakutoka nje. Mara ya nne alitoka, wakaongea uani kaka mtu akiwa amekaa hapo hapo. Sijui walisemezana nini na sikuuliza. Baada ya mavuno Leokadia alirudi, kwa hiari yake, na masharti yake: cherehani inakaa kwa Mama Shija, si nyumbani, ili akitaka kuondoka tena asiombe ufunguo kwa mtu.

Gaudensi aliendelea kuja kwenye kamba. Siku moja tunasokota akanitania. "Bwana Maendeleo, kingine unanipa lini?"

"Mwombe mkeo."

"Yeye hana mhuri."

"Ndiyo maana namwamini."

Akacheka, lakini hakukiomba tena. Kile cha kwanza alinirudishia, na vijana wanaokuja hapa nyumbani wanakiona kabatini, kimewekwa juu ya stashahada yangu, ili nikiitafuta stashahada nikutane nacho kwanza. Na stashahada bado naitafuta mara kwa mara. Naipenda. Mtu asiniambie niione haya.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa zimeanza nilipoegesha pikipiki mashineni na kukaa kwenye gogo langu. Injini ilikuwa inanguruma. Leokadia alikuwa ndani, amekuja na debe lake mwenyewe, ameliinua kwa mikono yote miwili. Mama Shija akamimina, akainama sikioni kwake. Nilimwona Leokadia anainua uso, kama aliyeulizwa kitu kisichoeleweka, kisha anajibu kwa kifupi.

Mama Shija akatoka anajifuta unga machoni.

"Nimemwuliza lile swali," akasema.

"Enhe?"

"Eti jana alisikia kengele ya baiskeli. Alikuwa anachambua mchele, redio inaimba."

"Akafanya nini?"

"Akaendelea kuchambua."

Nilitoa faili la Gaudensi kwenye mkoba, nikaandika maneno hayo kama yalivyo, na sikuyapigia mhuri.